Vitabu Vilivyozaa Ihumwa

Jumatatu ya pili ya Februari, saa mbili asubuhi, Lydia Chidawali alikuwa amepiga magoti ndani ya stoo ya zamani ya ushirika pale Ihumwa, akipaka mafuta ya taa kwenye miguu ya kabati ili mchwa wasipande. Mzee Nikodemo alipiga hodi, akavua kofia, akaingia na furushi la kanga kwapani. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua, wakaulizana habari za magoti, kisha mzee akafungua furushi juu ya meza. Ndani kulikuwa na kitabu cha kilimo cha uwele alichowekeshwa miaka sita nyuma, na ubavuni mwake kitabu kingine, chembamba, ambacho jalada lake halijapata rangi.

"Kimezaa Ijumaa," Nikodemo alisema. "Mvua ilipokatika tu."

Lydia alimgusa ndama, kile kitabu chembamba, kwa mgongo wa kidole. Karatasi zilikuwa na joto bado. Alihesabu kurasa bila kuzifungua, kwa kupitisha ukucha pembeni, akapata ishirini na mbili. Akaandika kwenye daftari tarehe, mama, na nyumba. Alipofika mahali pa baba alimuuliza mzee nyumbani kwake kuna karatasi gani nyingine. Nikodemo akafikiri, akasema ipo kalenda ya kanisa, na kipo cheti cha ubatizo cha marehemu mkewe. Lydia akaandika kalenda.

"Mbona si cheti?"

"Cheti si umekifungia sandukuni, mzee. Kalenda ndiyo inayoshinda ukutani."

Nikodemo alicheka kidogo, akakubali. Lydia alimkumbusha asimfungue ndama mpaka zitimie siku kumi na nne, na asimtenge na mama yake, kwa sababu herufi huingia kidogo kidogo, na zile za mwisho huingia siku za mwisho. Mzee alikwisha kuzalisha wanne kabla ya huyo na hayo yote aliyajua, lakini alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akafunga furushi lake na kwenda zake.

Utaratibu huu ulikuwa na umri wa miaka zaidi ya arobaini. Lydia alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, mwenye darasa la saba, trekta lilipoleta Ihumwa sanduku la vitabu kumi na kimoja, kufuli moja na ufunguo. Watu wazima walikuwa wametoka kujifunza kusoma, ikaonekana wapewe cha kusoma. Lydia aliambiwa, hii ni maktaba ya kijiji na wewe ndiwe mtunzaji. Aliyepaswa kuandika jina lake kwenye orodha ya watumishi alipata uhamisho wiki ile ile, kwa hiyo jina halikuandikwa, na baadaye hakuna aliyekumbuka kuuliza.

Miaka miwili hakuna aliyeazima. Watu walifika mlangoni, wakavitazama vitabu, wakavisalimia kwa mbali na kurudi. Waliogopa. Kitabu cha serikali kikipotea mikononi mwako, nani atakutetea? Wanawake walisema afadhali mtu aazime moto, ukizimika umezimika.

Ukaja mwaka wa njaa. Nyumba ya baba yake Lydia ilipona kwa maziwa ya ng'ombe wawili wa mtu wa Mvumi. Wagogo hawaweki ng'ombe wao wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, au wezi, utaamka huna kitu. Kwa hiyo mwenye ng'ombe huwatawanya kwa watu anaowaamini, huyu wawili, yule mmoja. Anayewekeshwa hunywa maziwa. Ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, aliyewekeshwa hupeleka ngozi ili ijulikane kwamba kafa kweli, hakuuzwa. Na mtu akitunza vizuri kwa miaka mingi, mwenye ng'ombe humpa ndama jike mmoja awe wake.

Lydia alikuwa anakunywa maziwa yale alipoona la kufanya. Jumapili watu walipotoka kanisani alisimama mbele yao, akasema vitabu havitaazimwa tena, vitawekeshwa. Akasema, "Maziwa yenu. Ndama wa mwenyewe. Kikifa, nileteeni ngozi." Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Kabla ya jua kuzama sanduku lilikuwa tupu.

Afisa mmoja alikuja kukagua, akakuta kabati halina kitu. Akauliza vitabu viko wapi. Lydia akamwonyesha kwa midomo, kule kwenye nyumba za watu. Afisa aliandika kwamba maktaba ya Ihumwa haina vitabu, na kwa kuwa maktaba isiyo na vitabu si maktaba, ikafutwa. Tangu hapo hakikuletwa kitabu kingine na hakuja afisa mwingine.

Vitabu vilianza kuzaa mwaka wa tatu baada ya kuwekeshwa. Watu hawakushangaa, maana kitu kikitunzwa vizuri, kikapata moshi wa jiko na maneno ya watu, huzaa. Kilichowapendeza ni namna ndama walivyotoka. Nusu walifuata mama, nusu walifuata nyumba. Kitabu cha ufugaji nyuki kilichokaa kwa waimba kwaya kilizaa kitabu cha nyuki kinachosomeka kwa sauti nne. Kitabu cha hesabu kilichowekeshwa kwa mtu na mkewe waliokuwa hawasemezani kilizaa kitabu cha kutoa tupu, hakina kujumlisha hata ukurasa mmoja, na walipopatana kikazaa kingine cha kawaida. Walimu wa shule walikuja na madaftari kunakili majina ya mitishamba, mipaka ya mashamba ya zamani, njia ambazo mababu walipitisha mifugo, vitu ambavyo havikuwahi kuandikwa na mtu. Wachungaji wa ng'ombe walijifunza kusoma wakiwa na ndama mfukoni.

Ile Jumatatu ya Nikodemo kundi lilikuwa na vitabu mia nne na kumi na viwili, katika nyumba mia moja sitini na nane. Ndani ya stoo mlikuwa na tisa tu, wagonjwa, na ukutani majalada ya waliokufa, kila moja na misumari yake minne.

Sasa, katika kundi lote hilo kulikuwa na kitabu kimoja ambacho Lydia alikingoja kila mwaka kuliko vingine. Kilikuwa cha mambo ya uzazi, kimojawapo cha vile kumi na kimoja vya mwanzo, chenye jalada la kijani na picha ya mama amekaa kwenye kigoda. Kilikuwa kwa Stara, muuza karanga na mtama wa sokoni Majengo, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya reli.

Binti pekee wa Lydia, Ruthu, aliolewa na Mohamedi, mtoto wa Stara. Mazungumzo yalichukua miezi miwili kwa sababu ya dini, yakaisha, wakala pilau. Ruthu alipopata mimba Lydia alikichukua kitabu cha kijani kutoka nyumba kilimokuwa na kukipeleka kwa Stara. Ulipofika wakati wake, siku ya mvua, Stara alimpakia mkwewe kwenye bodaboda, yeye mwenyewe nyuma akamshikilia, mpaka zahanati. Mlango ulikuwa na kufuli. Manesi na wahudumu wote walikuwa wamechukuliwa kwenda kupanga mstari barabarani, kumpungia mgeni. Walikaa kwenye benchi la nje tangu saa nne mpaka saa tisa. Mgeni alichelewa. Ruthu alifia pale pale, na mtoto wa kike tumboni.

Mohamedi alikaa mwaka, akaoa Manyoni, akahamia huko.

Februari iliyofuata kitabu cha kijani kilizaa. Stara alimleta ndama mwenyewe, hakumfunga kwenye kitu, amemkumbatia. Zilipotimia siku kumi na nne Lydia alimfungua, akasoma. Kurasa za mwanzo zilisema kuhusu benchi, saa, mvua, kufuli na rangi ya mlango. Zilizofuata zilieleza namna ya kumlisha mtoto wa mwaka mmoja, na mtoto mwenyewe, yule wa Ruthu, alitajwa kwa jina, Shamila binti Mohamedi, ana meno manne, hapendi uji wa ulezi, akilala anashika sikio lake.

Lydia alizipeleka zile kurasa za kufuli katika ofisi inayohusika. Walizisoma kwa makini, wakapeana, wakamrudishia. Walisema hazina muhuri.

Basi ikawa hivyo. Kila Februari kitabu cha kijani kilizaa, na kila ndama alikuja na Shamila aliyeongezeka mwaka. Siku ya kumi na tano Lydia alivuka reli, Stara akatandika mkeka, akafunga genge lake siku hiyo. Stara alisoma herufi za msahafu tu, kwa hiyo Lydia alisoma kwa sauti, naye Stara akichambua karanga akimkatiza.

"Pua kachukua kwetu," Lydia alisema mwaka ule Shamila alipotimiza minne.

"Kitabu hakina picha, mama Ruthu. Pua umeiona wapi?"

"Hapa. Wanasema anapiga chafya kama babu yake."

"Chafya si pua."

Mwaka wa saba walikwaruzana kuhusu madrasa na shule ya Jumapili, mpaka kurasa za mbele zikaonyesha kwamba mtoto anakwenda kote kuwili na kote anachelewa. Mwaka wa nane Shamila alianguka kutoka juu ya ukuta, akavunjika mkono, kitabu kikaishia hapo. Bibi wawili walikaa miezi kumi na miwili hawajui kama mkono umeunga. Uliunga, umepinda kidogo. Ndama wa kumi aliishia mtoto ana homa, amelala chini ya kanga ya Stara, hajala tangu jana. Mwaka ule Stara aliswali kwa ajili ya homa ile na Lydia aliiombea kanisani, na majirani wakikutana nao waliwauliza mgonjwa anaendeleaje. Walijibu kwamba bado hawajapata habari.

Ndama wa kumi na moja alizaliwa Jumanne, siku moja baada ya Nikodemo kuja stoo. Stara alituma ujumbe kwa simu, neno moja, amefika.

Jumatano asubuhi ilikuja pikapu nyeupe. Alishuka kijana mtaratibu, shati limenyooshwa, akajitambulisha kwa jina la Denis, mkutubi wa maktaba mpya inayofunguliwa mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa hapo, kiti hicho kingine mguu wake mgonjwa."

Denis alikaa. Alieleza kwamba stoo iko ndani ya barabara mpya, na Lydia akasema anajua, alama nyekundu ya kubomoa aliiona ukutani tangu Desemba. Akaeleza kwamba maktaba mpya ina ghorofa mbili na itakusanya vitabu vyote vya umma vilivyotawanyika. Alikuwa amesoma daftari la Lydia usiku kucha, mtendaji wa kijiji alimpa nakala. Alisema hajaona kazi kama ile tangu aanze chuo. Alisema kweli, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli. Kisha akatoa fomu.

Lydia alimweleza kwamba kundi halikai zizi moja. Denis alisikia, akaandika pembeni. Lydia akasema wale kumi na mmoja wa mwanzo ni wa serikali, hilo halina ubishi, awachukue, lakini hawa mia nne wamezaliwa kwenye nyumba za watu.

Denis aligeuza daftari likamtazama Lydia. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake wa usichana, palikuwa na ile sheria. Ndama wa mwenyewe.

"Ni utaratibu wako mwenyewe, mama," alisema taratibu. "Sikuutunga mimi."

Lydia aliusoma mwandiko wake.

"Ni kweli," akasema. "Basi na mimi niliwekeshwa. Miaka arobaini na minne. Aliyetunza vizuri hupewa ndama jike mmoja. Naomba mama mmoja wa kijani, aliyeko kwa Stara, na ndama wake. Wengine beba."

Denis alisoma fomu mbele na nyuma. "Haina sehemu hiyo, mama."

"Mwenye ng'ombe ni nani, nimwombe mwenyewe?"

"Ni wananchi."

"Mimi si mwananchi?"

"Wewe pia, ndiyo. Lakini si wewe peke yako."

Lydia aliomba basi yule wa kijani aachwe siku kumi na nne tu, ndama hajashika wino. Denis alisema gari amepewa mpaka Ijumaa. Alisema ameliomba gari hilo tangu Septemba.

Lydia mwenyewe alizunguka kwenye nyumba kutangaza kwamba vitabu virudishwe. Jioni ya kwanza alifika kwa Stara, akamkuta ameketi mlangoni, kitabu cha kijani mapajani na ndama juu yake, wamefunikwa kitambaa.

"Sema kimekufa," Stara alisema kabla hajakaa. "Jalada langu la zamani la kitabu cha hospitali ni la kijani. Nitakukatia ngozi, utapigilia misumari."

"Sijawahi kupokea ngozi ya uongo, mama Mohamedi."

"Hujawahi kuwa na mjukuu mwenye homa."

Lydia alikaa naye chini. Alisema angekuwa na moyo wa kufanya hivyo angefanya, lakini nyumba mia moja sitini na nane zimerudisha ngozi za kweli kwa miaka yote, mtu analeta jalada lililoliwa na mchwa analia kama kafiwa, na yeye akazipokea akiwatazama machoni. Akipigilia moja ya uongo, zile nyingine zitakuwa za nini?

Stara alivuta kitambaa, akawafunika vizuri. Baadaye sana alisema mtoto atapelekwa mjini hana hata mtu wa kumpa maji. Usiku ule ndama alilala katikati ya mama yake na Stara. Ijumaa asubuhi Stara alifunga nikabu, akavibeba vyote viwili mpaka stoo kwa miguu yake, kwa kuwa havikuwa vyake.

Vitabu vilirudi vyote mia nne na kumi na viwili, na ndama wachanga sita juu. Hakuna nyumba iliyoficha hata kimoja. Mzee Nikodemo aliondoa vumbi kwenye cha uwele kwa mkono wa shati lake, akamwuliza Denis kama huko kuna kalenda. Denis alisema ipo ofisini. Vijana wa kupakia walivipanga kwa ukubwa, vinene maboksi ya chini, vyembamba ya juu, hivyo kitabu cha kijani na ndama wake wakapanda gari moja, maboksi mbalimbali. Lydia alipoomba waunganishwe maboksi yalikwisha kufungwa kwa gundi. Ndama alikuwa na siku tatu.

Maktaba ilifunguliwa Aprili. Mgeni rasmi alisema ni ya kwanza ya aina yake katika nyanda za kati, watu wakapiga makofi. Lydia alialikwa, akakaa hema la tatu, na kwenye karatasi ya ratiba jina lake lilikuwamo, Bi. Lydia Chidawali, mlinzi wa stoo. Soda ilifika mpaka hema la pili. Stoo ilikuwa imeshabomolewa, na yale majalada ya ukutani mafundi waliyatumia kuwashia moto wa chai, hawakujua.

Vitabu vya Ihumwa viliwekwa chumba cha juu, chumba cha kuorodheshea, ndani ya makabati ya chuma. Kila kitabu kilitakiwa kuwa na mwandishi, mchapishaji, mahali na mwaka. Denis alimpigia Lydia simu kuuliza mwandishi wa ndama wa nyuki aandike nani. Lydia alisema nyumba ya akina Chilongola, wale waimba kwaya. Denis alisema mfumo unataka mtu. Aliacha wazi, na kitabu kisicho na mwandishi mfumo haukikubali, na kisichokubaliwa na mfumo hakitoki kabatini. Ndivyo ilivyokuwa kwa vitabu mia nne na saba vilivyozaliwa Ihumwa.

Ilipofika Februari hakikuzaa hata kimoja. Machi Denis alipiga simu tena, akasema baadhi vinapungua herufi, hasa pembeni. Lydia alimwambia vimekonda, haviambiwi neno, havisikii harufu ya kitu, na vyote viko zizi moja. Denis alikubaliana naye. Aliuliza kama redio ingesaidia. Waliweka redio wiki nzima, kitabu kimoja cha afya kikazaa kijitabu cha matangazo ya biashara, kikafa siku hiyo hiyo. Kwenye taarifa yake ya robo mwaka Denis aliandika uchakavu wa kawaida, kwa sababu hakukuwa na maneno mengine ya kuchagua.

Lydia aliomba kusoma kitabu cha kijani na ndama wake. Ilihitajika barua ya mtendaji, picha mbili, na kadi ya uanachama. Vilichukua mpaka Juni. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kazi. Aliandika mkutubi. Binti wa mapokezi, mwenye adabu, alimwambia kwa upole kwamba hapo wanaandika kazi aliyoajiriwa, akamsaidia kufuta, akaandika mkulima.

Walikwenda Alhamisi, yeye na Stara. Denis aliwapokea chini, akawapandisha ngazi kwa kuwasubiri kila kituo, akawakalisha kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Vitabu visivyo na namba havisomwi na wageni, lakini alisema atawapa dakika kumi, yeye akiwapo. Alifungua kabati la vinene akatoa cha kijani, akafungua kabati la vyembamba akatoa ndama. Jalada la ndama lilikuwa jeupe bado.

Stara aliviweka pamoja, akavifunika kwa ncha ya mtandio wake, akasubiri kidogo. Kisha akasema, "Haya, soma."

Kurasa zilikuwa thelathini. Tatu tu zilikuwa na maandishi. Lydia alivaa miwani.

Homa ilishuka siku ya tatu. Mtoto aliomba chai ya rangi, akanywa vikombe viwili, akaomba na chapati, akaambiwa ale uji kwanza, akakataa uji. Stara alitikisa kichwa kwa kuridhika. Shamila alirudi darasa la tano akakuta wenzake wamefika mbele kwenye hesabu za sehemu, akalia chooni ili wasimwone, kisha akaomba daftari la jirani. Amekua, sketi ya mwaka jana imekuwa fupi, bibi Stara ameishusha pindo na bibi Lydia amesema ilipaswa kushushwa zaidi. Asubuhi amekaa kwenye ngazi ya nyuma. Amekwisha kuvaa kiatu kimoja. Ameinama anafunga kamba ya cha pili, kengele ya shule inasikika, na

Lydia aligeuza ukurasa. Akageuza mwingine. Aligeuza moja moja mpaka ishirini na saba zote, nyeupe, akarudi nyuma.

"Endelea," Stara alisema.

"Imeishia hapo."

"Kamba hajaimaliza?"

"Bado."

Stara alinyoosha mkono akapapasa ukurasa ule wa tatu, mahali maandishi yalipokomea. Denis alikuwa amesimama kando ya kabati, anaangalia chini. Aliuliza kama ndama akirudishwa sasa alale na mama yake, nyumbani, herufi zingeendelea. Lydia alisema zamani pengine, ila maziwa yamekatika, na mama mwenyewe mtazame. Denis alitazama kitabu cha kijani. Yule mama wa kwenye picha alikuwa amefifia, kimebaki kigoda. Hata hivyo alisema kurudisha si uwezo wake, ombi lipelekwe kwa maandishi, na kikao hukaa Novemba.

"Shamila ana kumi na moja," Stara alisema, si kwa mtu.

"Kumi na moja," Lydia akasema.

Tangu hapo huenda kila Alhamisi, hata zile za mvua. Ombi lao lilipokelewa na kupewa namba. Kitabu hakijapewa. Denis huwaandalia meza ile ile, kwa sababu Stara alisema mtoto aliye kwenye ngazi anapenda jua la asubuhi, naye hakuona tatizo. Lydia husoma, Stara husikiliza, kurasa tatu. Wakimaliza, Lydia hufunga jalada polepole, ili yule aliyeinama asishtuke, humkabidhi Denis, na Denis huwaomba waandike muda wa kutoka.